Shuka la Sita

Bi Pasi alibandikwa jina hilo na wageni, na kwa kuwa lilimkaa vizuri kuliko lile la ubatizo, aliliacha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msimamizi wa vyumba katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko, nyumba ya vyumba kumi na kimoja, yenye sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa kama kioo. Meza yake ya kupigia pasi haikuwahi kuhama. Ilisimama katika ushoroba wa chini, mkabala na mlango wa chumba namba saba, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na soketi ya pekee isiyotoa cheche.

Kazi hiyo alifundishwa katika shule ya misheni, enzi za pasi ya mkaa, na mwalimu wa maarifa ya nyumbani ambaye alikuwa akipitisha kiganja juu ya shuka kama kipofu asomaye. "Shuka huanzia pindoni, binti yangu," mwalimu yule alikuwa akisema. "Anayeanzia katikati huyafukuza makunyanzi tu, hayamalizi." Msichana aliyedondosha kaa la moto juu ya shuka la wageni wa kanisa alisimamishwa mbele ya darasa akaimba zaburi nzima peke yake. Bi Pasi aliimba mara moja. Hakuimba tena.

Kwa mafunzo hayo, shuka moja lilimchukua dakika tano, halikuzidi wala kupungua. Mashuka sita yalikuwa nusu saa. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake, na kulikuwa na watu waliokabidhi roho zao kwa saa hiyo.

Maana baadhi ya wageni wa mchana hawakuwa wageni wa kulala. Walikuja wawili wawili, mwanamume mbele, mwanamke nyuma, na mwanamke alipopita mezani alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Bi Pasi, nihesabie." Bi Pasi alitandaza shuka jipya na kuanza. Shuka la sita likikunjwa, alilibeba mkononi, akabisha hodi na kutangaza, "Shuka safi!" Mwanamke alipaswa kuufungua mlango mwenyewe na kulipokea kwa mkono wake. Sauti haikutosha. Mtu aliyekabwa anaweza kulazimishwa kusema niko salama. Bi Pasi alitaka kuuona uso. Na mwanamume aliyekuwa ndani naye alipata kuona, nyuma ya lile shuka, mwanamke wa kimo na kifua, mwenye pasi ya moto hatua mbili tu kutoka mlangoni.

Alianza desturi hiyo baada ya msichana mmoja kukutwa amekufa katika nyumba jirani, nyuma ya mlango uliokomelewa kwa ndani. Juma lile lile Bi Pasi alitwaa bisibisi akang'oa makomeo yote ya vyumba vya chini. Siku ambazo hapakuwa na nguo za kutosha, aliyanyunyizia maji mashuka yaliyokwisha kunyooshwa, akayapiga upya.

Hakuipenda kazi ya wanawake wale, na hakuwaficha. "Siku mtakapoiacha nitawapigia vigelegele," aliwaambia. "Tupigie pasi kwanza, vigelegele baadaye," walimjibu, na wote wakacheka. Lakini alijua vilevile kwamba sheria iliyokuwapo ilimhesabu mtu anayewapa chumba, huku akijua, kuwa mkosaji kama wao, na kwamba kosa hilo lilikuwa na kifungo. Kwa hiyo hakumwambia mtu nyumbani. Mumewe alijua tu kwamba mkewe hupiga pasi sana.

Mwaka ule ukaja muswada. Kinyozini, hospitalini, nje ya kanisa baada ya ibada, kila mahali watu walibishana. Wengine walisema biashara ya mwili ihalalishwe, wanawake wale wapimwe afya na kulindwa kama watu wa kazi nyingine. Wengine walisema serikali haiwezi kuweka mhuri juu ya dhambi. Wapo waliotaka waadhibiwe wanunuzi, si wauzaji. Na wapo waliosema jambo hilo halistahili hata kutajwa, kisha wakalitaja kwa saa nzima. Ikatangazwa kwamba kamati ya wabunge itafika siku ya Alhamisi, katika ukumbi wa halmashauri, kusikiliza maoni ya wananchi.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa. Alimjia kazini asubuhi moja, wiki mbili kabla ya siku hiyo, na kurasa nne zilizopigwa chapa.

"Wifi, huu ndio waraka wetu wa kuupinga muswada. Utausoma wewe."

"Mimi? Kwani wewe mdomo huna?"

"Ninao. Ila wangu ukifunguka watu hukumbuka ugomvi. Wako ukifunguka watu husema amina."

"Wifi, mimi..."

"Usinikatalie mbele ya mashuka ya watu. Chukua, ujizoeze. Na ile aya ya tatu usiikimbilie, imenigharimu usingizi."

Bi Pasi hakuwa mtu wa kukataa. Alikuwa amelelewa kuona kwamba neno "hapana" ni utovu wa adabu, na hali hiyo ilikuwa imemwingiza katika vikundi vingi kuliko alivyoweza kuhudhuria. Aliupokea waraka, akauweka chini ya chupa ya maji ya kunyunyizia.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, aliingia Kidoti. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, mwenye alama ndogo nyeusi juu ya mdomo, na ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa wote. Nyuma yake alikuja mwanamume mrefu, koti la kijivu, viatu vimepigwa rangi. Alisimama mezani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Pasi alijibu, na moyoni akasema: huyu amelelewa.

"Nihesabie," alisema Kidoti, na mlango wa namba saba ukafungwa.

Shuka la kwanza lilikwisha. La pili lilikuwa katikati ya safari umeme ulipokatika. Bi Pasi aliisimamisha pasi juu ya kigae chake, akangoja. Haukurudi. Mikono yake haikuwa imezoea kukaa bure. Ikatafuta kitu, ikaukuta waraka. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya wastani. Waraka ulikuwa umeandikwa vizuri. Alipofika mwisho hakuridhika na pumzi zake katika aya ya tatu, akarudi mwanzo. Mara ya tatu aliusoma akiwa amesimama wima, kidevu juu, kama yuko mbele ya kamati, na hatuna budi kusema kweli, sauti yake mwenyewe ilimfurahisha.

Mkono uliokuwa haupigi pasi ulikuwa hauhesabu. Hilo hakulijua mpaka aliposikia kigoda kikianguka ndani ya namba saba, kisha kisigino kikipiga sakafu, kikipiga tena, polepole zaidi.

Alifungua kwa ufunguo wa akiba. Yule mwanamume alikuwa amepiga goti kitandani, mkanda wa suruali umezunguka shingo ya Kidoti, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayefunga kamba za viatu. Bi Pasi alipiga ukelele ambao hakujua kama anao. Mwanamume akaachia. Alilichukua koti lake, akapita karibu naye mlangoni, akasema, "Samahani, mama," akaenda zake.

Kidoti aliishi. Kwa siku tisa hakuwa na sauti. Zahanati walipomuuliza, aliandika kwenye kipande cha karatasi kwamba alikuwa akikimbia akanaswa na kamba ya kuanikia nguo, na mganga akamtazama kwa muda mrefu kabla ya kumpa dawa. Polisi hawakuambiwa. Swali la kwanza lingekuwa, ulikuwa unafanya nini chumbani humo? Na la pili lingeulizwa kwa mwenye funguo.

Tangu siku hiyo Bi Pasi aliishi roho juu. Kila aliyemwamkia vizuri alimshtua. Alipiga pasi akiwa ameutegea mlango sikio, akakosea mapindo, akaunguza foronya mbili, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu kaa lile la shuleni. Usiku hakuota ndoto. Alisikia tu kisigino.

Jumatatu ya juma la kamati, Kidoti alirudi, mtandio umefungwa shingoni, sauti ya kukwaruza. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kando ya meza.

"Bi Pasi, ile nyumba ya ng'ambo ya barabara. Jana mchana alikuja mtu mrefu wa koti la kijivu. Akawaamkia wote, mmoja mmoja."

Pasi ilisimama. "Akafanya nini?"

"Hakufanya. Aliyemtaka alikuwa anaumwa, akasema atarudi." Kidoti alishika mtandio wake. "Kule hakuna anayehesabu, Bi Pasi."

"Waambie wasimpokee."

"Nimewaambia. Nitawaambia wote wa mji huu? Nitaweka tangazo?" Akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Alhamisi kuna hao wabunge. Wenzangu wamenituma. Sisi hatuwezi kusimama pale. Tukisimama, kesho yake hata chumba cha kupanga hatupewi. Lakini wewe ukisema watu husikiliza. Waambie ulichokiona."

"Unataka niwaambie wahalalishe?"

"Mimi sitaki cheti cha kuning'iniza ukutani. Wanasema watupe leseni, watupime, sijui watuvalishe beji. Hayo wabishane wenyewe, wao ndio wenye nafasi. Mimi nataka nikienda kituoni nikisema nimekabwa, iandikwe nimekabwa. Basi."

"Kidoti, mwanangu, hata mimi nitafungwa."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa kwenye ndoo, sijakaa kwenye kiti." Alitazama sakafu. "Tumeshindwa kumpata mwingine."

"Nitaona," alisema Bi Pasi.

Kwa watu wengi, nitaona ni njia ya kukataa bila kuumiza. Lakini Kidoti alikuwa amemjua Bi Pasi kwa miaka minne, na hakumwona hata siku moja akikataa. Aliinuka akamshika mikono yote miwili. Kufikia jioni wanawake wote waliambiwa kwamba Bi Pasi amekubali.

Jumatano asubuhi, kabla hajaenda kazini, alimweleza mumewe yote. Mstaafu, kama alivyoitwa na majirani, alikuwa amepanga barua za posta kwa miaka thelathini, na alikuwa na tabia ya kupanga vitu mezani wakati akisikiliza. Alipanga vijiko. Akapanga vikombe. Mkewe alipomaliza, chai ilikuwa imeweka utando.

"Kwa hiyo upande huu umeahidi kuwasomea dada yangu na wenzake, na upande ule umeahidi kuwasemea hao mabinti."

"Hao sikuwaahidi. Nilisema nitaona."

"Mama watoto, tangu nikuoe 'nitaona' yako haijawahi kuona kitu kingine." Akakuna kidevu. "Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Na kwa umri huu ukipasuka, sindano yenyewe tutaitungaje, na miwani yangu imevunjika?"

Alicheka, naye mkewe akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ningekuwa napiga pasi," alisema. "Ningekuwa napiga pasi tu, nisingemwacha."

Mstaafu aliacha kupanga. "Nikikuambia unyamaze, utaninyamazia mpaka kaburini, nakujua. Nikikuambia useme, ni mimi nitakayekuletea chakula gerezani. Sina la kukuambia. Ila usiende hujala."

Kazini, tajiri wa nyumba ya wageni alikuwa akimsubiri mlangoni, jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa hufika mara moja kwa mwezi. Alikuwa amesikia, kama watu wote wanavyosikia katika mji mdogo.

"Bi Pasi, kesho nenda kama mama wa kanisa. Soma, keti, rudi kazini. Ukienda kama mfanyakazi wangu, usirudi. Sisemi kwa ubaya. Wakiifunga nyumba hii, hao unaowaonea huruma watakwenda wapi? Vichakani?"

Hilo ndilo lililomwuma zaidi, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

Alhamisi ukumbi ulijaa tangu saa mbili. Wabunge watano walikaa mbele nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani kilichopigwa pasi vibaya; Bi Pasi aliona hata kwa woga wake kwamba aliyekinyoosha alianzia katikati. Mlangoni alisimama askari mmoja wa kike. Wifi yake alimshikia nafasi mstari wa mbele, akamtengeneza kola.

"Mikono yako baridi kama ya maiti," wifi alimnong'oneza. "Unaogopa nini? Ni wabunge tu. Tumewachagua wenyewe, hasara ni yetu."

Wa kwanza kusema alikuwa mwanasheria kijana, aliyeeleza kwamba adhabu haijawahi kuimaliza kazi hiyo, imeificha tu. Akafuata mzee mwenye fimbo, aliyeuliza kama kuna mzazi ukumbini anayetaka bintiye apewe cheti cha kazi hiyo, na watu wakapiga makofi. Muuguzi mmoja alisema wagonjwa wake humdanganya kuhusu majeraha yao, naye huandika uongo huo katika faili kwa sababu hana lingine la kuandika. Hakupigiwa makofi. Bi Pasi alimtazama akirudi kitini.

"Umoja wa akina mama," aliita mwenyekiti wa kamati, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole.

Bi Pasi alisimama. Alikuwa ameupokea waraka wa wifi yake, na kazi ya watu hairudishwi nusu. Alisoma kurasa zote nne. Hakuikimbilia aya ya tatu. Alisoma kwamba mwili si bidhaa, kwamba umaskini hautibiwi kwa kumuuza maskini, kwamba sheria ni mwalimu na mwalimu hapaswi kufundisha kukata tamaa. Na mengi katika hayo alikuwa akiyaamini siku zote, na aliyaamini hata sasa. Alipomaliza, ukumbi wote ulisema amina, kama wifi alivyotabiri.

"Asante sana, mama. Unaweza kuketi."

Hakuketi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huo ni waraka wa wenzangu. Nimeusoma kwa niaba yao. Sasa naomba niseme langu."

"Wifi," alisema wifi yake, kwa sauti ndogo. "Wifi, keti."

Mwenyekiti alitazama saa. "Kwa ufupi, mama."

Alisema yeye ni msimamizi wa vyumba. Alieleza habari ya meza, ya mashuka, ya hodi. Alipofika siku umeme ulipokatika, mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha. Alisema hakubisha hodi kwa sababu alikuwa akijizoeza kuusoma waraka huo alioushika. Alimweleza mtu wa koti la kijivu, mkanda, kisigino.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Mama, ngoja. Ni wajibu wangu kukuonya. Haya unayoyasema yanaweza kutumika dhidi yako. Hulazimiki kuendelea."

"Najua, mheshimiwa. Nimeyahesabu."

"Basi unataka kamati ifanye nini? Iunge mkono muswada au iupinge?"

"Mimi sijui kutunga sheria," alisema. "Kazi ile siipendi, na sitaipenda. Lakini yule mtu juzijuzi ameonekana nyumba nyingine, ameahidi kurudi. Wiki mbili sasa nashindwa kwenda polisi, kwa kuwa nikifungua mdomo ninajifunga mimi na ninamfunga yule binti, na yeye aliyekaba yuko nje anaamkia watu. Sheria mtakayoandika, vyovyote itakavyokuwa, iacheni mtu aliyekabwa apite mlangoni kwa polisi. Hilo tu. Na la leo sitaki lisubiri sheria."

Akageuka akamtazama askari wa kike mlangoni. "Mwanangu, utaniandikia?"

Hapo ukumbi uliripuka. Mtu mmoja alipiga kelele, "Danguro! Amekiri ana danguro!" Mwingine akajibu, "Mwache mama!" Mwenyekiti aligonga meza. Bi Pasi alitembea katikati ya viti akiwa haoni nyuso, hadi akafika nje kwenye jua, askari akiwa kando yake bila kumshika.

Walikuwa wamepiga hatua ishirini aliposikia viatu vikigonga lami kwa hasira. Alikuwa wifi, amebeba mikoba miwili, wake na wa Bi Pasi uliosahauliwa kitini.

"Umetuvua nguo," wifi alisema, akihema. "Umeuchukua waraka wangu ukaupangusia miguu mbele ya wabunge. Sikubaliani nawe hata chembe, sikia, hata chembe!"

"Nisamehe, wifi."

"Sijakusamehe! Tembea!" Akamsukumia mkoba wake. "Lakini mke wa kaka yangu haendi kituoni peke yake kama mwizi wa kuku."

Akatembea nao, akimgombeza njia nzima, aya baada ya aya, na askari, ambaye alikuwa na umri wa kuwa binti yao, alitazama mbele tu.

Chumba cha maelezo kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lenye nondo lililotazama barabara. Askari alivuta karatasi.

"Tuanze. Jina la hiyo nyumba ya wageni na kazi yako humo."

"Nina swali kwanza," alisema Bi Pasi. Mikono yake aliificha chini ya meza. "Langu utaandika, na la yule mtu utaandika?"

"Yote mawili, mama. Sina namna ya kuliacha lako. Umelisema mbele ya wabunge."

"Karatasi moja?"

"Mbili."

"Basi anza na yake."

Askari alisita, kisha akaigeuza karatasi, akaanza upya. Alikuwa akiandika taratibu, kwa mwandiko mzuri. Baada ya mistari michache aliinua kalamu.

"Tatizo moja. Wewe ulifika mwishoni. Aliyekabwa yuko wapi? Bila yeye, kesi hii haina miguu."

Bi Pasi aliikodolea macho ile kalamu. Kumtaja Kidoti kulikuwa kumkabidhi, na kutomtaja kulikuwa kumwacha yule mtu aendelee. Hakuwa amelihesabu hili. Alikuwa ameingia akidhani kinachodaiwa ni shingo yake tu.

Wifi alikuwa amesimama dirishani, mgongo wake bado una hasira. "Kuna binti ng'ambo ya barabara," alisema, bila kugeuka. "Ametufuata tangu ukumbini. Joto lote hili amefunga mtandio shingoni." Akasogea karibu na nondo. "Anapiga hatua moja kuja, anarudi mbili."

Askari aliitazama karatasi yake, kama mtu aliyeamua kutokuwa na masikio kwa dakika moja.

"Ni yeye?" aliuliza wifi.

Bi Pasi alifumba macho. Wifi alimtazama, akaliona jibu, na kitu fulani usoni mwake kilihangaika kutafuta mahali pa kukaa. Alikuwa ameandika kurasa nne kuhusu wanawake wale. Hakuwa amewahi kusimama karibu na mmoja wao akijua ni mmoja wao. Aliufunga mkoba wake kwa nguvu, akatoka.

Kupitia nondo, Bi Pasi alimwona akivuka barabara bila kutazama magari. Alimwona akisimama mbele ya Kidoti, kidole juu, kama anavyowaonya wanakwaya. Kidoti alirudi nyuma hadi ukutani. Wifi alisema jambo. Kidoti akatikisa kichwa. Wifi akasema tena, na sasa kidole kilikuwa kimeshuka. Kidoti aliitazama milango ya kituo, akautazama mwisho wa barabara ambako angeweza kukimbilia, na mkono wake ukapanda kwenye fundo la mtandio, ukabaki hapo.

"Mama," alisema askari, kwa upole. "Tuendelee na unachokijua wewe. Alikuwa mrefu au mfupi?"

"Mrefu," alijibu Bi Pasi, na macho yake hayakutoka dirishani.